Fimbo Yenye Alama za Meno

Tulipokuwa tunagawana vitu vya baba baada ya matanga, mdogo wangu Maduhu alitoa fimbo fupi nyuma ya mlango, nyeusi kwa oili, akaigeuzageuza na kuuliza ni mbwa gani aliyeitafuna. Ncha moja ilikuwa imechakaa kwa kusuguliwa kwenye chuma. Ncha ya pili ilikuwa na alama za meno, zimezama kabisa, juu na chini. Alikuwa tayari anaipeleka kwenye moto wa kuchemshia maji. Nikamnyang'anya. Akanitazama kama mtu ambaye msiba umemzidi, nikamwambia akae chini, maana yeye ni kitindamimba na kuna mambo ya nyumba hii yalitokea kabla hajapata akili.

Kisha nikainusa. Bado ilinuka grisi. Kwa watu wengine utoto unanuka maandazi au mvua ya kwanza. Wa kwangu unanuka grisi, na sioni aibu kusema.

Baba alikuwa na pikapu iliyokuwa ya bluu enzi za ujana wa gari lenyewe. Ilipofika kwetu Somanda ilikuwa haina rangi yoyote ambayo mtu angeweza kuitaja. Saa ya kuhesabu kilomita ilishakufa mikononi mwa mwenye gari wa kwanza au wa pili, kwa hiyo hakuna aliyejua limetembea kiasi gani. Mama alisema limetembea kuliko sisi sote pamoja na babu zetu. Msimu wa pamba lilibeba magunia kutoka Zagayu hadi kiwandani, na watu wakikaa juu ya magunia. Msimu ukiisha lilibeba mahindi, mbuzi wa mnadani, na mtu yeyote aliyesimama barabarani akanyoosha mkono. Tulikula, tulivaa na tulisoma kwa gari lile. Likiugua, nyumba nzima inaugua.

Ndiyo maana kila asubuhi baba alifungua boneti, akaniita, "Njoo unisikilizie." Mimi ndiye mtoto mkubwa, na Maduhu alikuwa bado anabebwa mgongoni. Baba aliwasha, akashuka, akanisimamisha mbele ya gari na kuniuliza linasemaje. Sikuwa na maneno ya mafundi, kwa hiyo nilitumia ya nyumbani. Kulikuwa na paka, mlio mwembamba wa asubuhi gari likiwa la baridi. Kulikuwa na cherehani, ile tiki tiki ya juu ya injini. Baba hakunicheka. Aliniuliza maswali yake kwa utaratibu. Je, akikanyaga mafuta, mlio unaenda mbio pamoja na injini au unabaki palepale? Gari likishapata moto unaisha? Paka akilia, alinipa kikopo cha maji nimwagie mkanda kidogo, na paka akinyamaza tulijua ni mkanda, si kitu kingine. Mpaka leo gari langu likilia siwezi kumpelekea fundi kabla sijajiuliza maswali hayo.

Kitu kimoja kilinitatiza. Baba alitaka nimtazame usoni ninapomjibu. Mama alikuwa amenifundisha kwamba binti hamkodolei baba yake macho. Unapiga goti, unatazama chini, unasema lako. Lakini nikitazama chini baba alininyanyua kidevu kwa kidole chenye grisi na kusema, "Sema tena, niangalie." Nikaamua kwamba anakagua kama nadanganya. Niliumia kidogo, maana sikuwahi kumdanganya kuhusu gari.

Mambo mengine sikuyashangaa hata kidogo. Baba alikuwa na vipande vya pamba masikioni, pamba yetu hiihii ya shambani, anaichambua mbegu kwa kucha na kuisokota. Nilidhani ni alama ya kazi. Seremala ana penseli nyuma ya sikio, mbeba pamba ana pamba. Tena aliendesha mkono wake wa kulia ukiwa nje ya dirisha, kiganja kimelala juu ya paa. Kwangu mimi hayo yalikuwa maringo ya dereva, na niliyapenda sana. Nikipanda naye upande wa pili, nilitoa mkono wangu vilevile, ingawa haukulifikia paa.

Watu walianza kumsema. Kwetu ukimpita mtu bila salamu umemwambia kwamba si mtu. Wanawake walipiga goti kando ya barabara, "Mwangaluka, bhabha," na baba aliwapita, macho mbele, bila kujibu. Nilikuwa bombani kuchota maji niliposikia jirani mmoja akisema mume wa fulani siku hizi anajisikia, tangu apate gari ametia pamba masikioni. Nikageuka na hasira zangu nikamjibu kwamba ndiyo, anatia, na ni pamba ya kazi yake, kuna ubaya gani? Walicheka mpaka mmoja akamwaga ndoo. Nililia njia nzima. Sikuwa na hakika ninalilia nini, ila niliona wamemcheka baba yangu na mimi ndiye niliyewapa sababu.

Wewe unayesoma umeshajua. Mimi sikujua, na nilikuwa mtoto mwerevu, walimu walisema hivyo.

Mama alijua. Niliwasikia siku moja wakigombana nyuma ya jiko, mama akimtaka baba aache kubeba watu kabla hajaua mtu, na sauti yake ilikuwa kubwa kuliko kawaida. Baba alijibu kwamba ikijulikana Bariadi nzima, hakuna atakayepanda wala kumpa gunia hata moja. Ikijulikana nini? Nikapiga hesabu zangu za kitoto nikaona jibu ni moja tu: gari ni la wizi. Kwa muda mrefu baada ya hapo, tukimwona askari barabarani, nilijikunja chini ya dashibodi. Baba alidhani nina kichefuchefu na kuniwekea malimao.

Halafu likaja jiwe.

Ilikuwa asubuhi kama nyingine. Gari liliwaka, nikasikiliza, nikasikia kitu kipya, kizito, kama jiwe la kusagia linalosukumwa juu ya mtama mkavu. "Linasaga," nikamwambia baba usoni. Wapi? Sikujua wapi, lilikuwa kila mahali. Akikanyaga mafuta, jiwe linaenda mbio. Likipata moto haliishi. Baba aliweka kiganja juu ya injini akatulia, lakini injini ya gari lile ilitetemeka yote siku zote, kiganja hakikumwambia kitu.

Stendi kulikuwa na dereva wa lori aliyesifika kwa kujua magari. Alitega sikio kidogo tu, akatikisa kichwa na kusema hizo ni beringi za krenki, chini kabisa ya injini, na mzee asithubutu kuliwasha tena, litamfia porini na magunia ya watu. Kwa asiyejua magari, huko ni kufungua injini yote, na kufungua injini yote kwetu maana yake kuuza maksai. Tulikuwa na maksai wawili waliotulimia shamba, na mvua ilikuwa karibu. Mama hakupandisha sauti safari hii. Alisema basi auze hilo gari kama chuma chakavu, maksai wabaki, naye baba abaki nyumbani. Alilisema kwa upole mno, kwa namna ya mtu aliyekuwa akingoja sababu. Baba alikaa kwenye kibao akitazama pikapu yake mpaka chai ikapoa.

Mwisho alisema hatauza chochote mpaka fundi Masunga alione.

Fundi Masunga alikuwa na karakana nyuma ya maduka ya Somanda, chini ya mabati. Alikuwa rika la baba, tena walichunga ng'ombe pamoja utotoni. Alizoea kunisimulia kwamba jioni, ng'ombe wakirudi katika vumbi na kengele zao shingoni, baba alijua kwa mlio tu yupi amebaki nyuma. Wenzake walihesabu kwa macho, yeye alisikiliza. Nilisikia hadithi hiyo mara nyingi nikaona ni jambo la kawaida. Kwangu baba alikuwa na masikio makali kuliko mtu yeyote Bariadi.

Tulilivuta gari mpaka pale kwa maksai walewale, na watoto wa mtaa wakitufuata. Masunga alisikiliza maelezo ya dereva wa lori, akasema inawezekana, lakini yeye hafungui injini ya mtu kwa maneno ya stendi. Akachukua bisibisi ndefu, akamwonyesha baba: ncha iguse chuma, mpini uwe sikioni, ndivyo mafundi wanavyotafuta mlio unatoka wapi. Akamwambia asikilize mwenyewe, kwani kati yao wawili mwenye masikio ni yeye tangu zamani. Akamkabidhi bisibisi, akazunguka kwenda kuwasha.

Baba aliinama. Akatoa pamba, akaweka mpini sikioni, akakunja uso. Kisha akaanza kutikisa kichwa, ndiyo, ndiyo, haraka haraka, kama mtoto anayetaka mtihani uishe.

"Nasikia," akasema kwa sauti kubwa. "Ni krenki."

Masunga alikuwa amekaa kwenye kiti cha dereva. Ufunguo ulikuwa bado mkononi mwake.

Fahari niliyokuwa nayo siku ile siwezi kuieleza. Nilimgeukia fundi nikamwambia, "Baba anasikia hata gari likiwa limezimwa."

Fundi hakucheka. Alinitazama, akamtazama baba ambaye alikuwa bado anatikisa kichwa, akashuka polepole. Akamgusa bega na kusimama mbele yake, uso kwa uso.

"Tangu lini?" akamuuliza.

Baba aliteremsha bisibisi. "La kushoto zamani," akasema. "La kulia, msimu huu wa pamba."

Mimi nikaenda kukagua matairi. Niliyazunguka yote, la kushoto na la kulia, sikuona tofauti, nikarudi kuwaambia kwamba yako sawa. Masunga alikuwa anaufuta mpini wa bisibisi kwa shati lake, anaufuta vizuri, kama kijiko cha mgonjwa. Akampa baba tena.

"Uma," akasema.

Baba hakuelewa. Masunga akajionyesha meno yake, akayagonga kwa ukucha. Baba akauma mpini, ncha akaisimamisha juu ya injini. Safari hii fundi aliwasha kweli.

Nilikuwa upande wa taa ya mbele, kwa hiyo nilimwona vizuri. Kwanza aliruka kidogo, kama aliyeguswa na umeme. Kisha akatulia kabisa. Mikono yake ilishika ukingo wa boneti, na macho yakaanza kumwagika machozi, mengi, yakishuka mpaka kwenye bisibisi. Mimi nilishawahi kuonja oili kwa utundu wangu na nilijua ilivyo chungu. Nikamvuta shati nikamwambia, "Tema, baba." Hakutema. Fundi aliliacha gari likaunguruma, akajifanya anatafuta spana ambayo ilikuwa mfukoni mwake.

Baadaye baba akaanza kazi. Alihamisha ncha ya bisibisi chini, akauma, akangoja. Akaipeleka ubavuni, akangoja. Akaipeleka juu. Kila mahali alikaa muda wake, bila haraka, na mimi nikaona kwamba sasa hatikisi kichwa hata kidogo. Alipofika mbele, pale mkanda unapozungusha pampu ya maji, akakunja uso, akarudi nyuma, akagusa tena. Kisha akatoa bisibisi mdomoni na kupiga bodi kwa kiganja.

"Ni huku mbele. Chini kumetulia."

Masunga hakubishana wala hakusifu. Alizima, akalegeza mkanda na kuutoa, akawasha tena kwa muda mfupi tu, maana bila mkanda maji hayazunguki na injini ingepata joto. Nikasikiliza kwa masikio yangu. Jiwe halikuwepo. Kulikuwa na cherehani peke yake, ile yetu ya siku zote. Akazima, akakamata puli ya pampu akaitikisa, ikacheza mkononi kama jino bovu. Beringi ya pampu ya maji ilikuwa imekwisha. Injini ilikuwa nzima.

Maksai walirudi nyumbani mikono mitupu, kama inavyosemwa, na mvua iliponyesha walilima. Pampu ilibadilishwa. Masunga hakumwambia mtu, nina hakika, kwa sababu Somanda siri haina pa kujificha, na hii ilijificha. Baba alikata tawi la mkwaju, akalichonga likawa fimbo inayolingana na mkono wake, na kuanzia hapo kila asubuhi alianza na fimbo ndipo akaniita mimi. Mlio mzito ulikuwa wake. Paka na mingine myembamba haikupita vizuri kwenye mti, ikabaki yangu.

Na kabla mahindi hayajatoa ndevu alimpa mama nusu ya alichotaka. Aliacha kubeba watu. Mizigo tu. Nilikuwepo alipomwambia, na alilisema akitazama ukuta. Alisema amezoea kusikia kwa kiganja mtu akigonga paa ateremke, lakini mtoto akianguka kutoka juu ya magunia hagongi. Mama alimwekea chakula, nyama zote upande wake. Barabarani watu walisema ndiyo basi, kiburi kimefika kileleni, sasa hata lifti hatoi.

Mimi niliwatangazia watoto wenzangu kwamba baba anaonja magari. Nilieleza kitaalamu: oili ikiwa nzuri ni tamu, injini ikiugua inachacha, na yeye anajua kwa ulimi. Jioni alipouma fimbo ncha nyingine ikiwa imeegemea redio, sikuona shida yoyote. Nikasema anaonja habari. Waliniamini, na mimi nilijiamini kuliko wao.

Niliishi na imani hiyo mpaka shule ya bweni. Siku moja mwalimu wa fizikia alitupa rula tuziume, kisha akawa anapita na uma mdogo wa chuma wa maabara, anaugonga mezani na kugusisha shina lake kwenye ncha ya rula. Alituambia tuzibe masikio. Nikaziba. Uma uligusa rula yangu na mlio ukajaa ndani ya kichwa changu, kwa meno, kwa mifupa, bila kupita sikioni hata kidogo.

Nikaiona karakana. Nikauona ufunguo mkononi mwa fundi. Kidevu changu, pamba ya kisingizio, kiganja juu ya paa, wanawake waliopiga goti bure, vyote vilikuja kwa pamoja na kukaa mahali pake. Nililia pale darasani, rula ikiwa mdomoni. Mwalimu alikuja mbio akaniuliza kama nimeumia jino.

Likizo nilifika nyumbani jioni, nikamsalimia baba kama kawaida, yeye akaniongelesha mfululizo bila kupumzika. Nacho hicho nikakielewa: akiongea yeye, hakuna atakayemuuliza. Asubuhi nikamkuta kwenye gari. Boneti iko wazi, gari halijawashwa, fimbo iko mdomoni, ndiyo kwanza anatafuta pa kuiegemeza. Nikaishika ile ncha ya pili kabla haijagusa chuma. Nikapiga goti chini kwenye vumbi, nikaiweka kooni kwangu, pale panapotetemeka mtu akiongea.

"Mwangaluka, bhabha."

Alisimama hivyohivyo. Nikadhani fimbo haikufanya kazi, au nimemkosea adabu, kumwonyesha kwamba najua. Kisha akaniashiria kwa kidole: tena.

"Mwangaluka, bhabha."

"Mwangaluka, mayu," akajibu, akiniita mama kama binti aitwavyo kwetu, maneno yakitoka yamepinda kwa sababu hakuiachia fimbo. "Mhola?"

"Mhola duhu," nikamjibu, salama tu.

Akaitoa mdomoni. Akanitazama kwa muda, mimi nikiwa bado nimepiga goti na, kwa mara ya kwanza bila kuambiwa, namtazama machoni.

"Kumbe una sauti ya mama yangu," akasema. "Mimi nilikuwa najua ile ya kitoto."

Akapangusa fimbo kwenye suruali, akanipa ufunguo.

"Haya, simama. Washa, unisikilizie mkanda."